Mkate gani tunaouomba? Neno moja gumu la Kigiriki katika Sala ya Bwana

Swali: Shikamoo mwalimu. Nililelewa na bibi yangu, Mkatoliki, akanifundisha kusali "utupe leo mkate wetu wa kila siku." Nilipoolewa nikahamia kanisa la mume wangu, na huko tunasali kama ilivyo kwenye Biblia ya Union Version: "Utupe leo riziki yetu." Tofauti hiyo haikuwahi kunisumbua. Juzi alikuja mhubiri mgeni akatuambia kuwa Kigiriki cha asili hakisemi "kila siku" wala "riziki." Kinasema "mkate upitao asili," yaani Neno la Mungu, na anayeombea chakula cha tumbo katika sala hii hajaielewa. Akaongeza kwamba watafsiri wetu waliliruka neno zima. Nafundisha Shule ya Jumapili na watoto wameanza kuniuliza. Je, ni kweli? Na bibi, ambaye siku hizi anakaa nasi na tunasali naye jioni, nimsahihishe?

Marahaba, mwanangu. Umegusa neno ambalo kila mwaka naliandika ubaoni siku ya mwisho ya muhula, wanafunzi wakishadhani wamekimaliza Kigiriki. Nimelifundisha miaka mingi na bado nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Mathayo 6:11 kwa Kigiriki inasomeka hivi: ton arton hemon ton epiousion dos hemin semeron. Nikiufuata mpangilio wake ulivyo: "mkate wetu, ule epiousios, tupe leo." Mkate umewekwa mwanzoni kabisa, kabla hata ya kitenzi, kama mtoto anayetaja kwanza anachokitaka ndipo aseme "nipe." Karibu kila neno hapo ni la kawaida. Artos ni mkate, hemon ni wetu, dos hemin ni tupe, semeron ni leo. Mchuuzi yeyote wa soko la Korintho angeyaelewa. Linabaki moja tu, epiousios, litamkwe "epiusios," na hilo ndilo mhubiri wenu alilolishika.

Luka 11:3 ina neno hilohilo, ila mazingira yake yamebadilika kidogo. Mathayo anatumia dos, amri ya tendo la mara moja: tupe, leo. Luka anatumia didou, amri ya tendo linaloendelea, kisha anamalizia na to kath' hemeran, "siku kwa siku." Kumbuka jambo hili, maana linawachanganya wengi: ile "siku kwa siku" unayoiona kwenye Luka ya Union Version inatokana na to kath' hemeran, wala haikutoka kwenye epiousios.

Sasa ugumu wenyewe. Neno epiousios halijapatikana katika maandishi yoyote ya Kigiriki yaliyotangulia Injili. Halimo kwa washairi, halimo kwa wanahistoria, halimo katika tafsiri ya kale ya Agano la Kale iitwayo Septuaginta. Nje ya Mathayo na Luka, andiko la mapema linalolitumia ni Didakhe, kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa kwanza, nalo linalitumia kwa sababu linainukuu sala hiihii na kuagiza isaliwe mara tatu kwa siku. Origen wa Aleksandria, aliyekuwa Mgiriki wa lugha na msomaji wa kila kitu, aliliona tatizo hili tangu karne ya 3. Katika kitabu chake juu ya sala anaeleza kwamba neno hili halitumiwi na wasomi wala na watu wa kawaida, na kwamba laelekea limeundwa na waandishi wa Injili wenyewe. Pima uzito wa ushuhuda huo, mwanangu. Mtu aliyenyonya Kigiriki na maziwa ya mama yake, miaka isiyofika mia mbili baada ya Injili kuandikwa, anakiri kwamba hajawahi kulisikia mtaani. Mtu wa leo akisimama mimbarani na kusema "Kigiriki kinasema wazi," amejipa uhakika ambao Origen hakuwa nao.

Kuna kisa ambacho siwezi kukiruka. Mwaka 1889 mchimbuaji wa mambo ya kale Flinders Petrie alichapisha matokeo ya kazi yake huko Hawara, katika eneo la Fayum nchini Misri, na ndani yake mlikuwa na karatasi za mafunjo zilizosomwa na A. H. Sayce. Moja ilikuwa orodha ya matumizi ya nyumbani: vitu na bei zake, kama daftari la mama ntilie. Sayce alidhani ameona humo herufi za mwanzo za neno letu, epiousi, likifuatwa na pengo. Unaweza kuwazia furaha ya wataalamu! Hatimaye epiousios imeonekana jikoni, kwenye hesabu za watu wa kawaida, ikimaanisha labda posho ya siku. Maelezo hayo yakaingia katika kamusi na vitabu vya ufafanuzi vikanukuu, wakati karatasi yenyewe haijulikani ilipo. Ilipatikana tena mwaka 1998 katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wataalamu wawili, Nijman na Worp, wakaisoma upya, na mwaka 1999 wakachapisha walichokiona: neno pale ni elaiou, "ya mafuta." Mafuta ya kula! Ushahidi uliotegemewa kwa zaidi ya miaka mia moja ukayeyuka, tukarudi pale alipokuwa Origen. Wanafunzi wangu huwa nawasimulia kisa hiki kila wanapotaka kujenga fundisho zima juu ya neno moja ambalo hawajaliona kwa macho yao.

Kwa kuwa mifano ya matumizi haipo, imebidi watu walifumue neno lenyewe waone limeshonwa kwa nyuzi gani. Njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ndiyo ya mhubiri wenu, na ni ya zamani. Inasema neno ni epi pamoja na ousia. Ousia ni kuwako, asili, dhati ya kitu. Yeronimo alipokuwa akirekebisha Injili za Kilatini huko Roma, kazi aliyoimaliza kama mwaka 384, alilifasiri kipande kwa kipande: super kwa epi, substantialem kwa ousia, na katika Mathayo akaandika panem supersubstantialem. Hapo ndipo ulipotoka "mkate upitao asili." Lakini Yeronimo huyohuyo, alipofika Luka, kwa neno lilelile la Kigiriki, aliandika quotidianum, "wa kila siku." Mtu mmoja, neno moja, sala moja, tafsiri mbili. Na baadaye, akifafanua Mathayo, alieleza kwamba katika Injili iliyoitwa ya Waebrania alikuta neno mahar, "kesho," yaani mkate wa kesho. Kwa hiyo Yeronimo ametuachia majibu matatu, na si haki kumnukuu kwa moja tu.

Njia hii ina kasoro mbili. Epi haina maana ya kupita au kuzidi. Kigiriki kina neno la kazi hiyo, nalo ni hyper. Epi ni juu ya, kwa ajili ya, kuelekea. Kwa hiyo hata tukikubali ousia, maana nyepesi zaidi ingekuwa "mkate wa kutuwezesha kuwako," mkate wa kutosha kuishi, na ndivyo Origen mwenyewe alivyoelekea kabla ya kuupandisha mkate huo hadi kwenye chakula cha roho. Kasoro ya pili ni ya sauti. Epi ikikutana na irabu, kwa kawaida hupoteza i yake. Mbingu ni ouranos, na "ya mbinguni" ni epouranios, hukuti epiouranios. Epi na ousia zingetarajiwa kuzaa epousios, na hiyo i iliyobaki katikati inahitaji maelezo. Yapo maneno machache yaliyoibakiza, kama epieikes, "mpole," kwa hiyo sitasema kesi imefungwa, ila mzigo unabaki kwa anayedai.

Njia ya pili naiona imara zaidi, na ndiyo ninayoifundisha. Kigiriki kina kitenzi epienai, "kuja juu, kufuatia," na kutokana nacho watu walisema he epiousa, kifupi cha "siku inayokuja." Hapo i haina tatizo lolote, kwa sababu ni ya kitenzi chenyewe. Tena hili si neno la kubuni. Luka analitumia mara tano katika Matendo ya Mitume (7:26, 16:11, 20:15, 21:18, 23:11), mara nne kwa siku inayofuata na mara moja kwa usiku unaofuata. Limo pia katika Mithali 27:1 ya Kigiriki, ule mstari wa kutojisifia kesho kwa kuwa hujui siku itazaa nini: "siku" ile ni he epiousa. Basi artos epiousios ni mkate wa siku inayoingia.

Na siku inayoingia ni ipi? Inategemea unasali saa ngapi. Ukisali alfajiri kabla hakujapambazuka, siku inayoingia ni hii ya leo. Ukisali jioni, ni ile inayoanza jua likizama, kwa hesabu ya Kiyahudi, ambayo sisi wa Pwani tunaielewa vizuri maana usiku wa Ijumaa kwetu unaanza Alhamisi jioni. Mtu anayesali mara tatu kwa siku, kama Didakhe inavyoagiza, angeomba kila mara kwa ajili ya kipande cha maisha kilicho mbele yake, kile tu.

Wengine hupinga hapa: Yesu amesema katika sura hiyohiyo, "Basi msisumbukie ya kesho" (Mathayo 6:34), itakuwaje atufundishe kuomba mkate wa kesho leo? Mimi naona mistari hiyo miwili inashikana mikono. Aliyekwisha kuikabidhi kesho kwa Baba yake ndiye anayeweza kulala bila kuisumbukia.

Niruhusu nieleze kwa maisha, maana neno hili lilinifungukia nyumbani kabla ya darasani. Baba yangu alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, Tanga. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Jina la karatasi likamhamia mtu. Leo ukimwita mtu kibarua hakuna anayefikiria barua, na mgeni akija na kamusi kutueleza kuwa vibarua wetu "kwa maana ya ndani" ni waandishi, tutamsikitikia. Ndivyo ilivyo kulipasua neno katika vipande na kudai kipande kimoja ndicho siri yake. Lakini nilitaka kusema habari za baba. Kazi ya leo ilikuwa unga wa kesho. Alipokosa kazi Jumanne, Jumatano mama alikuwa akilitazama jiko. Sisi tulikuwa watu wa kijungujiko, na tulipopiga magoti jioni, "utupe leo" haikuwa mashairi.

Wasikilizaji wa Yesu waliishi hivyohivyo. Mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 unaanza na watu wanaosimama sokoni wakingoja kuajiriwa kwa dinari ya siku, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza maskini alipwe ujira wake siku hiyohiyo, kabla jua halijachwa, kwa sababu roho yake imeutegemea. Kutoka 16 ina picha iliyo karibu zaidi: mana iliyookotwa kwa fungu la siku, na watafsiri wetu wamelipa kipimo tunachokijua, pishi kwa kila kichwa. Iliyolimbikizwa hadi asubuhi iliingia mabuu. Siku ya sita pekee waliokota maradufu, ili kesho yake wapumzike. Yaani walipewa leo mkate wa kesho. Ukiisoma sura hiyo ukiwa na Sala ya Bwana kichwani, neno gumu linapungua ugumu.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisitosheke na "kila siku" tupu. Kigiriki kilikuwa na maneno rahisi ya "kila siku," na Agano Jipya linayatumia. Wajane wa Matendo 6:1 walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na neno pale ni kathemerinos. Yakobo 2:15 inamtaja ndugu aliyekosa chakula cha siku, na neno pale ni ephemeros. Mwandishi aliyetaka kusema "kila siku" na basi alikuwa nayo mkononi. Aliyelichagua au kuliunda epiousios alikuwa akitafuta kitu chembamba zaidi.

Sasa, mhubiri wenu na chakula cha tumbo. Kuhusu Kilatini cha Yeronimo ana msingi, na wapo Mababa wengi wa Kanisa waliouona katika ombi hili mkate wa Ekaristi au Neno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2837, inazitaja maana hizo zikiwa pamoja na mahitaji ya kila siku. Haichagui moja na kuzitupa nyingine. Mtu akilisali ombi hili huku akiiwazia Meza ya Bwana, simpingi hata kidogo. Mhubiri wenu alipokosea ni pale alipotoa chakula sahanini. Neno artos linarudi katika hotuba hiyohiyo ya mlimani, Mathayo 7:9: mtoto akimwomba baba yake mkate, atampa jiwe? Huo ni mkate wa kutafunwa, wala baba huyo hakumwambia mwanawe kwamba njaa yake ni ya kimwili mno. Katika Luka ni karibu zaidi. Sala inaisha mstari wa 4, na mstari wa 5 tayari mtu anagonga mlango wa jirani usiku wa manane: "Rafiki yangu, nikopeshe mikate mitatu." Amefikiwa na mgeni na nyumbani hana kitu. Luka ameweka nyuma ya sala hii hadithi ya mikate halisi, ya mtu aliyeaibika mbele ya mgeni wake, na atakayesema Yesu hakuwaza chakula ajibu kwanza hadithi hiyo imefuata nini pale.

Kuhusu watafsiri kuruka neno: hapa inabidi nimjibu kwa uangalifu, maana ukitazama Union Version ya mwaka 1952 ni kweli hakuna neno lililosimama peke yake mahali pa epiousios. "Utupe leo riziki yetu": utupe ni dos hemin, leo ni semeron, yetu ni hemon, na riziki imebeba mkate pamoja na kivumishi chake. Sioni kwamba wameruka. Wamekunja maneno mawili ndani ya moja, na moja hilo walilichagua vizuri. Riziki katika Kiswahili ina ndani yake kile ambacho Kigiriki kilihitaji kivumishi kukisema: fungu la mtu, linalotoka kwa Mungu, la kumtosha kuishi. Mithali 30:8 inaomba jambo hilohilo, "Unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Isitoshe, Union Version imeweka riziki pia katika ule mstari wa Yakobo 2:15, kwa hiyo masikio yetu yanasikia undugu kati ya ombi letu na ndugu aliyepungukiwa.

Kilichopotea ni mkate wenyewe. Artos imekuwa "mkate" katika "Mtu hataishi kwa mkate tu," imekuwa "chakula" katika Yohana 6:35, "Mimi ndimi chakula cha uzima," na imekuwa "riziki" katika sala. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kuwa ni neno moja linalotembea kurasa hizo zote. Hapo sala ya bibi yako imetuzidi: imeuhifadhi mkate, na pamoja nao "kila siku" ya Kilatini cha kale. Biblia Habari Njema nayo inasema "chakula chetu tunachohitaji," njia ileile ya tafsiri ya kale ya Kisiria, Peshitta, iliyosema mkate wa uhitaji wetu. Wakristo wa Misri, katika tafsiri zao za Kikopti, waliandika mkate wa kesho na mkate unaokuja. Kila kanisa lilishika upande wake wa neno hili, na hakuna lililolishika lote.

Watoto wako wa Jumapili usiwapakie habari za irabu. Waambie Yesu alitufundisha kuomba chakula cha kututosha kwa siku iliyo mbele yetu, kisha wasomee Kutoka 16 na uwape pishi au kibaba wapime kwa mikono yao. Waonyeshe pia kwamba sala inasema "sisi" na "wetu." Mtoto aliyekula akisema "utupe" anamwombea na mwenzake aliyekuja bila chai, kwa hilo Kigiriki na Kiswahili chetu havitofautiani hata chembe, hemin ni "sisi."

Na bibi usimsahihishe. Mketi naye jioni, yeye aseme "mkate wetu wa kila siku," watoto waseme "riziki yetu." Kama ana umri ninaoudhani, alijifunza sala zake wakati Misa ikiwa bado ya Kilatini. Mwombe aitafute kichwani Pater Noster yake. Akifika panem nostrum quotidianum da nobis hodie, waambie watoto wamsikilize vizuri: hiyo "quotidianum" ndiyo Yeronimo aliyoiacha katika Luka.